Maneno ya Daktari wa Runinga

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti alimshikia baba yake karatasi. Baba alitembea kutoka jikoni hadi mlangoni akisema maneno yake bila kutazama. Akikosea, binti aligonga meza kwa kijiko, naye akarudia. Kazi hiyo aliianza akiwa darasa la kwanza, baba alipokuwa mwigizaji wa runinga. Kwa miaka tisa baba alivaa koti jeupe akaigiza daktari, hata watu wakasahau kwamba hajawahi kumdunga mtu sindano. Sokoni walimwita Daktari na kumwonyesha vidonda vyao. Jina hilo ndilo lililompa kura za udiwani, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya afya ya mji.

"Hapa pana pengo," baba alisema siku moja, akionyesha taarifa yake ya kamati. "Kamati inataka kujua matangi ya maji ya shule yalioshwa lini. Ya shule nyingine nimeshayaulizia. La shuleni kwenu kamuulize mwalimu mkuu, mama."

"Sawa, baba."

Siku hiyo alicheza mpira wa pete mpaka akasahau. Jioni akaogopa kugombezwa. Tangi lenyewe lilikuwa juu ya paa, safi kabisa kwa nje. Akaandika: *Lilioshwa mwezi uliopita.*

Baba aliyasema maneno hayo mbele ya kamati kwa sauti ile ile nzito ya daktari. Hakuna aliyeuliza swali. Mafundi wakatumwa shule nyingine, yao ikarukwa.

Wiki ya pili watoto wakaanza kuharisha. Mwenzake wa dawati, aliyeitwa Kicheko kwa sababu hakujua kucheka polepole, alibebwa mgongoni kupelekwa hospitali. Bwana afya akapanda juu ya paa, akatoa ndani ya tangi popo watatu waliooza.

Jioni ile binti hakugusa chakula. "Baba, sikumuuliza mwalimu mkuu. Niliandika tu."

Baba alivuta kiti, akakaa. "Ningekugombeza dakika mbili," alisema. "Basi."

Kesho yake alisimama mbele ya kamati bila karatasi, binti akiwa ameketi nyuma. Akasema taarifa ile ilikuwa ya uongo, na yeye ndiye aliyeitoa bila kuihakikisha. Hakumtaja mtoto. Diwani mmoja akaangua kicheko: "Vipi, Daktari, leo mwandishi wako hakuja?"

Walimvua uenyekiti hapo hapo. Tangi likaoshwa kabla jua halijazama.

Kicheko alipona, lakini hakurudi shule ile. Binti na baba walipokwenda kuomba radhi, mama yake Kicheko aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Rudi kwenu." Mlango ukafungwa.

Njiani binti alilia. "Kosa ni langu, baba. Mbona wanakucheka wewe?"

"Kwa sababu na mimi ninalo. Miaka tisa nilipewa maneno nikayasema vizuri, wala sikuwahi kuuliza kama ni ya kweli. Kwenye runinga mgonjwa alikufa saa nne, saa tano tukanywa naye chai. Huku nje mgonjwa anaumwa kweli. Usipojua, mwanangu, sema hujui. Aibu yake ni ndogo, utaibeba peke yako. Uongo tunabebeshwa wote, hata yule aliyekwenda bombani kunywa maji tu."