Chai ya Mke Mdogo

Mtu wa Luotan akikuambia anatoka Yunping, mcheke. Yunping ni sisi. Wao ni wauza siki, na wangebaki hivyo kama mto usingetafuna ukuta wetu wa kusini. Nasema mapema ili ujue nina kijicho, tena cha kurithi. Lakini haya yaliyompata shangazi yangu Suyun sikuyatia chumvi. Nyanya yangu, mama yake mzazi, alikuwamo chumbani, na ndiye aliyenisimulia.

Ukuta ulipobomoka, amri ilitoka kwa mfalme kwamba makao ya wilaya yahamie Luotan. Akahama mkuu wa wilaya na makarani wake. Ikahama jela, kikahama chumba cha mitihani. Mwisho likahama jina lenyewe. Luotan ikaitwa Yunping, na sisi, Yunping tangu enzi za mababu, tukaitwa Mji Mkuukuu, kama tambara la jikoni.

Tukameza. Ila wilaya si ya walio hai peke yao. Walio hai wana mkuu wao, na wafu wana wao, Bwana wa Mji, akaaye hekaluni na kuwaamulia kesi zao. Wilaya ikihama, naye huhama. Asubuhi moja yenye jua zuri, wanawake wakianika kabichi za kuchachusha, watu wa Luotan wakaja na ngoma na machela nyekundu kuichukua sanamu yake.

"Na mkewe je?" akauliza kiongozi wao.

Maana Bwana wa Mji ana mke, naye ni sanamu, tumwitaye Bibi. Chumba chake kiko nyuma ya hekalu, na kitanda, chanuo na beseni, na kila asubuhi Mama Tao, mtunza hekalu, humbadilishia maji ya kunawa.

"Mke hakutajwa kwenye amri," wazee wetu wakajibu, ufunguo wa chumba hicho umo kibindoni. "Mmechukua wilaya, mmechukua jina, na mume huyo mbebeni. Mke kaoeni wenyewe!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Katika kicheko hicho hakuna aliyekumbuka kwenda chumba cha nyuma kumwambia Bibi kwamba mumewe ameondoka. Mama Tao alipoingia na maji alikuta beseni limekauka, na uso wa sanamu umelowa.

Luotan hawakukubali kushindwa. Mzee Fei, tajiri wa siki, akaagiza Bibi mpya wa udongo. Fundi alipotaka uso wa kuigiza, Mzee Fei akampa uso wa mkwe wake. Mkwe huyo ndiye Suyun, binti yetu, aliyeolewa kule kabla ya mafuriko, na uzuri wake hata adui aliukiri.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Luotan walimiminika kumtazama Bibi wao mpya, na huku kwetu kisima kiligeuka baraza la umbea.

"Mama Suyun, mwanao sasa tumfukizie ubani au tumsalimu tu?"

"Juzi alikuwa akiazima viatu vya sikukuu. Leo analazwa na Bwana wa Mji!"

Nyanya alijaza ndoo yake akaondoka. Alikiri kwangu kwamba moyoni alifurahi. Waliokuwa wakimcheka walikuwa wakiumwa na wivu, naye aliuonja wivu wao kama asali.

Kisha uso wa sanamu mpya ukapasuka, kutoka jichoni hadi kidevuni. Siku ileile Suyun aliamka na mstari shavuni, mahali palepale. Haukutoa damu. Fundi aliuziba ufa wa sanamu. Kesho yake ulikuwa mpana zaidi, na wa Suyun pia.

Siku moja alikuwa akichana nywele mbele ya kioo. Sauti ya mwanamke ikanong'ona nyuma ya sikio lake.

"Kitanda hicho ni changu."

Mumewe alikuwa pembeni akivaa. Naye aliisikia. Kuanzia siku hiyo alilala dukani, kati ya mitungi ya siki.

Suyun alirudi kwetu uso umefunikwa shela. Nyanya akakimbilia kwa wazee.

"Mpelekeni Bibi kwa mumewe. Mwanangu anapasuka!"

"Warudishe jina kwanza."

"Jina? Huyu si mtoto wenu?"

"Ni mke wa Luotan," wakasema, wakaendelea kucheza dama.

Ikabaki njia moja, kwenda kumwomba Bibi radhi. Adhuhuri, wanaume wakila, Mama Tao aliiba ufunguo akawafungulia nyanya na Suyun.

"Usikalie kitanda," akamnong'oneza Suyun. "Chanuo usiguse."

Suyun alikuwa mtoto aliyelelewa akaleleka. Alipiga magoti mbele ya sanamu, akainua kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Dada Mkubwa," akasema polepole. "Nisamehe. Pokea."

Hapo nyanya akalitambua kosa. Kwetu, mke mdogo anapoingizwa nyumbani hupiga magoti mbele ya mke mkubwa. Humwita dada. Humpa chai. Chai ikinywewa, ndoa imekubaliwa. Naye hubaki magotini mpaka mkubwa amwambie ainuke.

"Imwage," nyanya akanong'ona. "Suyun, imwage!"

Mvuke ulikatika.

Kikombe kilikuwa kitupu. Hata majani ya chai yalikuwa makavu.

Wakasubiri. Sanamu iliwatazama. Haikusema neno.

"Mama," Suyun akasema. "Siwezi kuinuka."

Walimvuta. Walimbeba nyumbani amekunjika vilevile. Ufa wa shavuni ulikuwa umejifunga, ngozi laini kama ya bibi harusi. Alikufa kabla taa hazijawashwa. Miguu haikunyooka, na seremala alilazimika kumtengenezea jeneza fupi na refu kwenda juu, kama sanduku la nguo.

Sasa wafalme hawapo. Wilaya imekatwa upya, na jina la Yunping halimo kwenye ramani yoyote. Walikosa wao, tukakosa sisi.

Mpaka anakufa, kila sikukuu ya kufagia makaburi, nyanya hakwenda kaburini. Alikwenda chumba kile cha nyuma.

"Bibi, mwambie ainuke," alikuwa akisema. "Magoti yanamuuma mtoto."

Ufunguo ninao mimi leo. Chumba sikifagii, vumbi limejaa kila mahali. Isipokuwa mbele ya sanamu. Hapo pana viduara viwili kwenye jiwe, visafi, vinang'aa. Mwaka jana nilimwaga majivu ya jikoni sakafu nzima, navyo nikavifunika, nikafunga mlango. Niliporudi, majivu yalikuwa yametulia sakafu nzima, ila pale.

Niliinama nikavigusa. Vilikuwa na joto.