Ncha Mbili za Waya Mmoja

Kila likizo mimi hufuatana na mama kazini. Yeye ni karani wa shule, nami humsaidia kufagia ofisi na kupanga mafaili. Walimu huniita Kiherehere, na siwezi kuwalaumu.

Asubuhi hiyo, nikifagia chini ya meza, niliona waya wa buluu. Ncha yake moja ilikuwa imechomekwa kwenye kisanduku cha mtandao, kile chenye matundu ya kuunganishia kompyuta zote za ofisi. Ncha ya pili ilikuwa sakafuni, imejaa vumbi. Uchafu gani huu! Nikaifuta, nikaichomeka kwenye tundu tupu la kisanduku hichohicho, nikasimama kuifurahia kazi yangu.

Muda si muda mama akapaza sauti. "Jamani, mtandao umekatika! Na mwisho wa kutuma majina ya watahiniwa ni saa sita!"

Majina arobaini na mawili yalikuwa hayajatumwa, la dada yangu likiwamo. Lisipofika, hafanyi mtihani mwaka huu.

Fundi wa mtandao, mwanamke mfupi mwenye miwani, alifika saa tano. Alizima kisanduku, akakiwasha. Wapi! Akapima nyaya za kompyuta moja moja kwa kipimio chake. "Huu mzima. Na huu mzima," alisema, akitikisa kichwa.

Akainama mbele ya kisanduku, nami nikachungulia. Lo! Taa zake zote zilikuwa zikimetameta kwa pamoja, mbio mbio, macho hayaziwezi. Sijawahi kuona kitu kama kile.

"Kuna aliyegusa hapa?" fundi akauliza.

"Hakuna," mama alijibu. Mimi nikajifanya ninapanga mafaili. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasorobo. Nikamfikiria dada, alivyosoma mwaka mzima.

"Mama fundi, ni mimi," nikasema. "Nilichomeka ule wa buluu. Nilidhani umechomoka."

Akaufuata waya kwa kidole, ncha hadi ncha, akachomoa moja. Papo hapo taa zikatulia, kila moja ikawa inapepesa kwa zamu yake.

"Ujumbe ulikuwa unatoka hapa, unarudi hapahapa," fundi alinieleza. "Unazunguka, unaongezeka, mpaka njia zote zinajaa. Wa mama yako ungepita wapi?"

Kumbe! Waya mzima, usio na kasoro yoyote, ulikuwa umeziba ofisi nzima!

Mama alituma majina. Zikiwa zimebaki dakika sita, jibu likaja: yamepokelewa yote.

"Sikia, mwanangu," fundi alisema. "Kipimio changu hugundua waya uliokatika. Hakiwezi kugundua mtu alichonyamazia. Kukosea si ajabu, lakini ukigusa kitu, sema mapema."

Mama akanigeukia. "Na dada yako utamweleza wewe mwenyewe," akasema. "Yote, pamoja na zile dakika ulizonyamaza."