Malkia Amechafuka Tena

Sikuuona msumari.

Ulikuwa ukutani sebuleni, mtupu, mbele ya kiti ninachokalia kila jioni. Mimi ambaye kazi yangu ni kuona makosa madogo katika maandishi ya watu, sikuuona! Laiti ningeuona, nisingekuwa na kisa hiki cha kuwapa, wasomaji wangu.

Badala yake, nilisikia.

Nilikuwa nikipita ukumbini na beseni la nguo za kuanika. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishwa. Ndani, mume wangu, mpima ardhi, mtu asiyepaza sauti hata timu yake ikifungwa, alikuwa akiongea na simu.

"Malkia amechafuka tena."

Sauti ya mwanamke ikacheka kwenye spika.

"Umempangusa?"

"Nimempangusa taratibu, kwa kitambaa laini."

"Usimlazimishe, shemeji! Mwache apumzike. Huyo anapenda kubembelezwa."

"Sawa. Ila Mwalimu asijue kabla ya Jumamosi."

Mwalimu ni mimi. Ndivyo anavyoniita tangu uchumba.

Beseni likaniponyoka...

Naomba mnielewe. Ninafundisha sarufi chuo kikuu. Kiti kikivunjika, tunasema kimevunjika. Nguo ikichafuka, tunasema imechafuka. Mume wangu alisema AMEchafuka. NimeMpangusa. Na nyumbani kwetu hatufugi hata paka.

Basi Malkia alikuwa mtu!

Jioni ile mezani nikaviona vidole vyake. Vyekundu, mpaka kwenye kucha.

"Vidole vimefanya nini?"

Akavishusha chini ya meza.

"Kalamu nyekundu imevuja, Mwalimu."

Kalamu nyekundu! Katika nyumba ile, mwenye kalamu nyekundu ni mimi peke yangu.

Nikampigia mdogo wangu.

"Dada, hapo hakuna kalamu iliyovuja. Aliyevuja ni shemeji."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Kagua mifuko."

Na mimi, msomi mzima, nikakagua mifuko! Ndani ya koti lake nikakuta kipande cha karatasi ya picha, kimechanwa ovyo. Juu yake kulikuwa na midomo ya mwanamke. Hakukuwa na macho wala pua: midomo tu na nusu ya kidevu, wekundu wake umeburutwa hadi pembeni kana kwamba mtu aliupitishia kiganja.

Nilikichunguza kipande kile kwa makini kuliko muswada wowote niliopata kuushika. Midomo ilikuwa mizuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Ilikuwa imejaa, imeachama kidogo, kama ya mtu anayekaribia kucheka. Nikaenda nayo kwenye kioo. Nikailinganisha na yangu, yenye mistari midogo pembeni na rangi ya miaka mingi ya chai.

Nikashindwa.

Nikaichukia midomo ile kwa chuki ambayo sikujua kuwa ninayo.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Akiimba bafuni, ni Malkia. Akinyamaza, ni Malkia. Akiniuliza kama nimekula, najiuliza: amemuuliza nani kabla yangu?

Jumamosi nikamwambia ninakwenda chuoni kusahihisha. Nikauzunguka mtaa, nikarudi. Nguo zake zote nilikuwa nimeshazipanga kwenye begi chini ya kitanda. Nikalichukua. Sentensi ya kumfukuzia nilikuwa nimekwisha kuitunga, kamili, yenye kiima na kiarifu.

Chumba cha nyuma... sauti ile ile ya mwanamke!

"Mwinue hapo mbele. Polepole... Umeuona uchafu alionao?"

"Masikini Malkia wangu!"

WANGU?

Nikausukuma mlango.

"Toka na huyo Malkia wako sasa hi..."

Sentensi ikanifia mdomoni.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya printa yake ya picha, kifuniko kimefunuliwa, mikono ya shati imekunjwa. Sakafu nzima ilikuwa karatasi zenye michirizi myekundu. Kando yake, tochi mkononi, alisimama mwanamke mwenye mvi, miwani ikining'inia shingoni. Nilimfahamu. Ndiye aliyetupiga picha siku ya harusi yetu.

"Hee!" akasema. "Midomo yenyewe imefika!"

"Midomo gani?"

Akaokota picha sakafuni, akanipa. Bibi harusi mwenye shela, wekundu wa mdomo umeburutwa hadi sikioni.

Uso ulikuwa wangu.

"Na Malkia... ni nani?"

"Si huyu!" Akaipigapiga printa mgongoni. "Nilimpa mumeo nilipofunga studio. Usipombembeleza, hachapi."

Mume wangu hakuinuka.

"Niliacha dirisha wazi siku ya mvua, Mwalimu. Picha ya sebuleni ikalowa, ikaharibika. Nilitaka kuirudisha ukutani leo, kabla hujagundua. Lakini kila nikichapa, wino unakutapakaa mdomoni."

"Aliweka karatasi kinyume," akasema mpiga picha. "Mgongo wa karatasi haunywi wino. Umebaki kwenye rola zinazovuta karatasi, sasa kila inayopita inapakwa." Kisha akanitazama mkononi. "Na begi hilo, bibi harusi, safari ya wapi?"

Mume wangu akalifungua.

"Mbona ni mashati yangu yote?"

"Nilitaka... nilitaka kuyafua."

"Yamepigwa pasi, Mwalimu."

Akaliangalia begi, akaniangalia mimi, akaangalia vidole vyake vyekundu.

"Haya. Mimi kalamu ilivuja, wewe ulitaka kufua. Tumelingana."

Mpiga picha alicheka hadi akashika ukuta.

Nikaketi sakafuni nao. Tukaikunja karatasi ya kawaida katikati, tukaikunjua, tukaipitisha ndani ya printa iufute wino. Ikatoka na mstari mwekundu kama mkwaruzo. Tukapitisha nyingine, ikatoka na rangi ya waridi hafifu. Nyingine tena, na tena, mimi nikizipokea kama majibu ya mtihani, mpaka ikatoka moja nyeupe kabisa.

Ndipo ikaja picha. Midomo ilikuwa mahali pake, imeachama kidogo, ikikaribia kucheka.

Nilikuwa nimeionea wivu midomo yangu mwenyewe!

Sitawaambia kwamba waume hawadanganyi. Wangu alidanganya, tena vibaya. Ninachowaambia ni kidogo: kabla hujakagua mifuko ya mtu, tazama kwanza ukuta wako.

Picha iko kwenye msumari wake. Wino ukitapakaa, mimi ndiye ninayempangusa Malkia. Na darasani nimeacha kumkosoa mwanafunzi anayesema printa amegoma.