Kopo la Vifungo Vyeupe

Fundi wa cherehani hakuwa mtu wa kutupa kitu. Vipande vya kitambaa, vifungo, zipu za suruali kuukuu, vyote viliingia kwenye makopo chini ya meza. "Kitafaa tu," alisema, na mara nyingi kilifaa.

Binti yake mdogo alimsaidia kutunga uzi kwenye sindano. Alilamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja, na uzi ukapita. Mjomba wake alimpachika jina la Mwewe, na jina likamganda.

Mvua zilipoanza, Mwewe alishikwa na homa. Fundi hakubabaika. Kwenye kopo la vifungo vyeupe kulikuwa na vidonge vya malaria. Safari iliyopita mtoto alipougua alipata nafuu mapema, naye fundi akaona hasara kumaliza dozi. Akampa hivyo vilivyobaki. Homa ikashuka, fundi akarudi kushona sare za shule, roho kwatu.

Kesho yake asubuhi homa ilirudi kwa kishindo. Mwewe alitapika kila alichokunywa. Halafu mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Wifi yake fundi alikimbilia kijiko akamtia mtoto mdomoni, kikamchana ufizi. Degedege lilipokwisha, Mwewe alilala tu. Waliita jina lake, hakuitika. Wakambeba mbiombio hadi hospitali.

Huko walimpima damu, wakamtundikia dripu na kumpa dawa kwa sindano. Kisha daktari akamfunua kope, akamulika ndani ya jicho kwa kitochi kidogo, akatazama kwa muda mrefu. Fundi alishindwa kuvumilia.

"Daktari, mwanangu ana homa. Macho yamekosa nini?"

"Hayajakosa kitu, mama. Vijidudu vya malaria vimeingia kwenye damu yake, na damu hiyo inanatanata kwenye mishipa midogo ya ubongo. Haipiti vizuri. Ndiyo maana alipata degedege, na ndiyo maana haamki. Ubongo wenyewe siuoni. Lakini nyuma ya jicho kuna mishipa inayofanana na ile ya ubongo, na hiyo naiona. Nikikuta madoa meupe na damu iliyovuja, najua malaria imepanda kichwani."

"Umeyakuta?"

"Nimeyakuta."

Fundi alijisikia vibaya mno. Akaeleza habari ya vidonge bila kuficha. Daktari hakumfokea. Alisema dozi pungufu huua baadhi ya vijidudu tu. Homa hushuka, mama akatulia, na vilivyobaki vikazaana. Homa ni ya kupimwa siku hiyo hiyo. Na mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali haraka. Wifi alitazama chini.

Mwewe alizinduka mchana, jua limejaa dirishani.

"Mama," alisema, "washa taa."

Fundi alilia kwa sauti, hakujali nani anamsikia. Daktari alimweleza kwamba sehemu ya ubongo inayoona ndiyo iliyoumia. Watoto wengi huanza kuona tena kidogo kidogo. Wengine hubaki na kifafa, au hupata shida ya kusikia au ya masomo, kwa hiyo asikose kumrudisha kliniki.

Nyumbani chandarua kilitundikwa. Fundi alikung'uta makopo yote, na kila kidonge alichokikuta akakipeleka kliniki. Sindano alizitunga mwenyewe, akijidunga vidole. Mwewe alianza kuona mwanga, kisha rangi, kisha mikunjo ya uso wa mama yake.

Siku moja alinyoosha mkono, akaomba sindano. Akalamba uzi. Ukakosa tundu, ukakosa tena. Fundi alijifanya anakata kitambaa, mkasi umesimama hewani. Kisha uzi ukapita.

Sindano ile fundi hakuishonea kitu. Aliichomeka kwenye pazia, na uzi wake, juu ya kitanda cha mtoto.