Sindano Zilizowekwa Juu ya Jiko

Kila asubuhi nyumba ya kina Turizo ilianza siku kwa kazi moja, nayo ilikuwa kuvifungua vidole vya Nayibe. Bibi yake, Otilia, alichovya taulo katika maji ya moto, akalikamua na kulizungushia mikono ya mjukuu wake. Kisha wote wawili walikaa kitandani wakisubiri. Nayibe alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini vidole vyake viliamka vimekakamaa na kuvimba, hata kikombe cha kahawa ya maziwa hakuweza kukishika.

"Fungua kidogo, malkia wangu."

"Vimekataa, bibi."

"Viambie bibi amesema."

"Vinasema bibi apunguze kelele."

Walicheka. Walicheka hivyo karibu kila siku, kwa kuwa asubuhi bado walikuwa na nguvu ya kucheka. Kilio kilikuja jioni, kila mtu akilia peke yake.

Shuleni, Sharick, aliyekaa naye dawati moja, alimwandikia mpaka vidole vilipolegea.

"Haya, bibi kizee, leo umeamka na miaka mingapi?"

"Tisini."

"Tisini! Na jana ulikuwa themanini. Keshokutwa tunakuzika, niachie viatu vyako."

Nayibe alicheka pamoja na wenzake, halafu akaificha mikono chini ya dawati.

Mikono hiyo ilikuwa na kazi iliyoingoja. Hapa Mompox, mji wa Kolombia ulio kando ya Mto Magdalena, katika mtaa wetu wa nyuma ya kanisa, akina Turizo ni masonara. Wanaivuta fedha mpaka iwe uzi mwembamba, wanaisokota, wanaikunja kwa kibano, kisha wanailehemu kuwa maua, samaki na vipepeo vya kuvaa masikioni. Nayibe alikaa kwenye meza ya bibi yake tangu alipokuwa mdogo, na hata mafundi wazee, ambao husifu mtu akishakufa tu, walikiri kwamba mtoto huyu ana mkono wa fundi. Hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka meza ile iwe yake siku moja.

Ugonjwa ulianza baada ya siku moja ambayo bibi Otilia hakuisahau. Nayibe alikuwa amelehemu mchana kutwa, jasho likimtoka, akakimbilia friji na kuizamisha mikono yote miwili kwenye barafu. Bibi alipiga ukelele. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba aliyetoka kwenye moto hagusi baridi, na mwanamke aliyepiga pasi hafungui friji mpaka mwili utulie. Majuma machache baadaye vidole vikavimba. Bibi akakata shauri kwamba baridi imeingia mifupani, na kwamba kosa ni lake, maana ndiye aliyemweka mtoto motoni. Sisi majirani, tulivyo hodari wa kutoa ushauri, tulimkubalia kwa vichwa vyote.

Daktari Chadid wa jiji la Cartagena hakukubali. Alisema ni ugonjwa wa viungo unaowapata hata watoto, unaosababishwa na kinga ya mwili yenyewe, akaandika sindano za kutunzwa kwenye friji. Sista Cantillo, muuguzi wa zahanati yetu, ndiye aliyekuja nyumbani kumdunga. Na sindano zilifanya kazi! Kabla ya Juma Kuu uvimbe ulikuwa umeisha, na Nayibe akatengeneza hereni za kwanza kwa mikono yake bila msaada. Bibi alizivaa kanisani na kugeuza shingo huku na huko ili kila mtu azione.

Sindano ile ilikuwa inachoma. Kwa huruma yake, Sista akasema, "Mama Otilia, siku ya kudunga toa moja nusu saa kabla, ubaridi upungue. Haitamuuma sana."

Bibi alilishika neno hilo kwa namna yake. Kumbe hata Sista anajua adui ni baridi! Kama nusu saa inasaidia, kutwa nzima itasaidia zaidi. Kuanzia hapo, kila siku Dilsa, mama yake Nayibe, alipotoka kwenda kazini kwenye nyumba ya wageni, bibi alilitoa boksi zima na kuliweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko la kuyeyushia fedha. Jua lilipoelekea kuzama alilirudisha kwenye friji.

Nayibe alimwona.

"Usimwambie mama yako," bibi alisema. "Ana maneno mengi, na hajui baridi ilivyo mbaya."

Nayibe alijua kusoma. Juu ya boksi yalikuwepo maneno yanayoeleza kwamba dawa isipashwe moto, na aliyasoma zaidi ya mara moja. Lakini sindano haikuchoma tena. Zaidi ya hapo, bibi aliacha kujilaumu, akaanza kuimba tena akifanya kazi. Nayibe alimpenda sana bibi yake, akanyamaza.

Taratibu uvimbe ukarudi, safari hii mkali kuliko mwanzo. Kifundo cha mkono wa kushoto kikaanza kupinda. Mama akampeleka Cartagena.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Pembeni yao alikaa mwanamke aitwaye Ledis, amempakata binti yake mdogo, Yeimis, mwenye magoti yaliyovimba kama maembe mabichi. Mtoto huyo naye alikuwa ameandikiwa sindano zilezile, ila hazijafika, na hakuna aliyejua zitafika lini.

Ndani, Daktari Chadid aliibonyeza mikono ya Nayibe polepole, kisha akaitazama eksirei kwa muda mrefu.

"Nikueleze kinachotokea humu," alisema. "Mwilini mna wajumbe wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Tunawaita saitokini. Sehemu moja ya mwili ikivamiwa na adui, wajumbe hawa hutumwa kuwaita askari wa kinga. Mto Magdalena ukipanda, ninyi Mompox mnafanyaje?"

"Wanagonga kengele," Nayibe alisema. "Watu wanakuja na magunia ya mchanga."

"Basi. Kwako kengele inagongwa wakati mto umekauka. Watu wanakuja hivyohivyo, wanajazana, wanabomoa kuta wakitafuta maji ambayo hayapo. Huo ndio uvimbe, na hayo ndiyo maumivu. Saitokini ni za aina nyingi, na tukiwa wazima hatuwezi kuishi bila hizo. Ila kwako kuna moja inayogonga bila kuchoka. Kazi ya dawa yako ni kuishika mikono."

"Si kwa sababu ya barafu?"

"Barafu gani, mwanangu? Hapana. Kwa nini ilianza, hata sisi hatujui vizuri. Lakini si barafu, wala si kosa la mtu yeyote."

Nayibe aliirudisha mikono mapajani.

"Sasa mbona dawa haifanyi kazi tena?" mama aliuliza.

"Ndilo linalonisumbua. Pengine mwili umeikataa. Mnaitunza kwenye friji?"

"Daktari! Hata nyama nimeiondoa ili dawa ipate nafasi. Naapa kwa Mungu."

Nayibe alitazama viatu vyake. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Alimfikiria bibi akiimba, akalimeza.

"Basi tujaribu dawa nyingine," daktari alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Kupata kibali huchukua muda, na siwezi kuahidi kitu. Wakati huo mifupa inaliwa. Kifundo hiki tayari kimeanza."

Walipotoka, mama alisimama mbele ya Ledis. Alikuwa kama mtu aliyetoka mazikoni. "Zetu hazimsaidii tena wangu," alisema. "Boksi karibu zima limebaki. Njoo Jumamosi ulichukue." Dawa ya mtu haigawiwi kama jibini, na daktari angejua angekataza. Lakini aliyekata tamaa hatafuti ruhusa. Ndani ya basi mama alilia njia nzima, uso kaugeuzia dirishani, na abiria wakajifanya wamelala.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nayibe alijaribu kukunja uzi wa fedha, ukamponyoka. Alijaribu tena, kifundo kikakataa kugeuka, uzi ukakatika. Alipiga meza kwa ngumi, na ngumi yenyewe ikamuuma mpaka akapiga yowe. Bibi alikuja, akaifunika meza kwa shuka, vibano na yote. Nyimbo ziliisha. Mama alikuwa akirudi kutoka kazini anakaa jikoni bila kuwasha taa, na chakula kilipoa mezani. Hakuna aliyekuwa na tumaini katika nyumba ile, na Nayibe peke yake alijua kwa nini.

Jumamosi, Ledis alifika amembeba Yeimis mgongoni. Mtoto alitelemshwa kwenye kiti, akaanza kumkagua Nayibe.

"Wewe ulidungwa?"

"Nilidungwa."

"Inauma?"

"Kidogo."

"Nikidungwa nitakimbia? Mama kasema nitakimbia."

Bibi Otilia alifungua friji, akalitoa boksi, akampa Dilsa. Dilsa akamnyooshea Ledis. Nayibe aliyatazama magoti yale, akaona siku zote zinazomngoja mtoto yule: taulo la moto, vicheko vya uongo, kifundo kinachopinda.

"Mama, usimpe," alisema. "Zimeharibika."

"Zimeharibikaje?"

"Zilikuwa zinakaa juu ya jiko. Kila siku ukiondoka."

"Mtoto ana homa huyu," bibi alisema haraka. "Anaweweseka."

"Bibi, niliona. Uliniambia nisiseme."

Bibi alishika ukingo wa meza ya jikoni. "Nilikuwa naziondoa baridi," alisema. "Baridi ndiyo iliyomuua mikono. Nilikuwa naziondoa baridi tu, Dilsa."

"Mama!" Dilsa alilia. "Niliapa mbele ya daktari! Niliapa kwa Mungu!" Akamgeukia binti yake. "Na wewe? Ulikaa pembeni yangu pale. Ulinisikia naapa, ukanyamaza?"

Ledis alimwinua mtoto wake, akamfunga mgongoni upya. "Asante, binti," alimwambia Nayibe kwa upole. Kisha akaondoka mikono mitupu, na Yeimis akiuliza mpaka barabarani kwa nini hawakupewa.

Jumatatu Dilsa alimpigia daktari simu. Dawa haikuwa imeshindwa, daktari alisema. Iliungua tu, na dawa iliyoungua haiwezi kuizuia saitokini yoyote. Akaagiza boksi jipya. Bibi Otilia, ambaye hakuwahi kukubali safari ya Cartagena, safari hii alikwenda mwenyewe. Alisikiliza habari za wajumbe na kengele tangu mwanzo mpaka mwisho, amekaa wima.

"Kwa hiyo sikumwumiza siku ile ya barafu," alisema.

"Hapana, mama."

"Nilimwumiza baadaye."

"Ulimpenda, ila hukuuliza," daktari alisema.

"Na kifundo? Kitanyooka?"

"Uvimbe utashuka. Mfupa ulioliwa haurudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Sindano mpya zilikaa kwenye friji, na Dilsa mwenyewe akawa anatoa moja tu siku ya kudunga. Baada ya miezi kadhaa Nayibe aliamka akashika kikombe bila taulo. Mkono wa kulia ulipona. Yeimis naye alipata dawa yake, nzima, na tunasikia anakimbia. Lakini kifundo cha kushoto cha Nayibe kilibaki kimepinda, nayo kazi ya nyuzi inataka mikono miwili. Inaniuma kuliandika hili, maana hereni zile za kwanza niliziona kwa macho yangu.

Alasiri moja Nayibe aliiondoa shuka, akakaa mezani. Alishika kibano kwa mkono wa kulia na fremu ya fedha, ile inayojazwa nyuzi, kwa mkono wa kushoto, na fremu ikateleza. Akaiokota, ikateleza tena. Bibi alivuta kiti, akakichukua kifundo kile kilichopinda, akakiweka mapajani mwake.

"Nisikilize," alisema. "Mimi nilificha kwa sababu nilikupenda. Wewe ukaficha kwa sababu ulinipenda. Na ugonjwa ukawa unakula mfupa huku sisi tumenyamaziana. Usifanye hivyo tena maishani mwako. Daktari akiuliza, sema. Hata kama hakuuliza, sema. Aliyekosea akiwa ni mimi, sema upesi zaidi."

Nayibe aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali alilokuwa nalo muda mrefu.

"Bibi, ningesema siku ile ya kwanza, ningekuwa sonara?"

Bibi Otilia angeweza kumdanganya. Alimtazama mjukuu wake machoni, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Ndiyo," alisema. "Ungekuwa."