Pawabenki Isiyolambwa

Bosi alitoa ulimi.

Ulikuwa ulimi mpana wenye utando wa njano. Sindano alitamani kutazama pembeni, lakini kazi haikumruhusu. Bosi alizishika nyaya mbili zilizochomoza kwenye pawabenki mpya, akazigusisha kwenye ncha ya ulimi wake, akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Umeme ukamtekenya. Akacheka, akatema mate sakafuni, akaitupa pawabenki ndani ya boksi.

"Nzima hiyo. Lete nyingine!"

Mita ya kupimia umeme ilikuwepo, imetundikwa ukutani na vumbi lake. Bosi hakuwahi kuigusa. Alidai kuwa mashine hudanganya ila ulimi wa mwanamume haudanganyi. Kwa hiyo kila pawabenki iliyotengenezwa katika karakana ile ilipita kwanza mdomoni mwake, na mate yake yalikaukia kwenye plastiki na kuacha alama nyeupe.

Kichefuchefu kilimpanda Sindano hadi kooni. Akakirudisha.

Sindano halikuwa jina lake la nyumbani. Ndilo alilojulikana nalo katika idara ya siri iliyomtuma humo, ajifanye fundi wa lehemu mwenye shida ya kazi. Bosi alimpokea bila maswali mengi. Alichomchukia kilikuwa kitu kimoja tu: usafi wake. Sindano alitandika kitambaa cheupe kwenye kona yake ya meza na kunawa mikono kabla ya kushika chuma cha lehemu.

"Dada Msafi," Bosi alizoea kumtania, "hapa si hospitali. Betri haziugui."

Lakini zile betri zilikuwa zimeugua siku nyingi. Zilikuwa betri kuukuu za kompyuta zilizotupwa, zimepasuliwa kwa koleo, zikafutwa kutu na kuvishwa ngozi mpya ya plastiki ya bluu, mtu azione changa. Chumba kilinuka tindikali, moshi wa lehemu na soksi. Kwenye kona printa ilikuwa ikichapa makasha, ikiyeyusha uzi wa plastiki ya kijivu na kuupanga tabaka juu ya tabaka.

Kifaa chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kilichofichwa sikioni chini ya kilemba chake, kilikwaruza.

"Sindano. Leso anapanda ngazi. Yuko peke yake. Ana begi la kompyuta na bastola kwapani, upande wa kushoto."

Sauti ilikuwa ya Chiriku, mtu wa redio, aliyekuwa ndani ya Toyota Hiace ng'ambo ya barabara. Walimpa jina la ndege huyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Sindano alikohoa mara moja. Maana yake: nimesikia.

Kesho yake mkutano wa amani ya mpaka ungeanza. Kila mjumbe angepewa mfuko wa zawadi: kalamu, chupa ya maji, na pawabenki ya kijivu yenye nembo ya mkutano. Kasha la dukani halikufaa, kwa kuwa lisingekuwa na nafasi ya kile kilichoongezwa ndani: chipu yenye ukubwa wa ukucha. Ukichomeka simu ichaji, chipu inanyonya kila kitu kilichomo na kukirusha hewani hadi kwenye kompyuta ya Leso, mwenye oda. Jumbe, picha, majina, namba.

Leso na wenzake walitaka simu moja tu. Ya mjumbe mkuu wa upande wa kina Sindano.

Ndani ya simu ile mlikuwa na namba ya mwanamke anayeitwa Mpishi. Mpishi alipika katika nyumba ya jenerali wa upande wa pili, na kila jioni alimtumia mjumbe mkuu maneno aliyoyasikia mezani. Sindano ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo. Alimshika mikono yote miwili na kumwahidi kwamba jina lake halitatoka.

"Likitoka, mwanangu," Mpishi alimjibu, "watanichinja jikoni kwao, kwa kisu ninachowapikia."

Kuivamia karakana kulikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Tatizo lilikuwa kwamba mtu wa ndani, mtu wa serikali, ndiye angeipenyeza mifuko hiyo hadi mikononi mwa wajumbe. Idara haikumjua. Ukiwakamata hawa, yeye angejificha kama kunguni kwenye godoro, na mwezi ujao angekuja na njia nyingine. Ilikuwa lazima jina lake lipatikane, na lingepatikana tu kwenye simu ya Leso.

Sindano alikuwa ameshafanya sehemu yake. Tundu la kuchajia lina njia nne ndani: mbili za umeme, mbili za habari. Katika kila pawabenki iliyopita mikononi mwake alizikata zile mbili za habari na kuzifunika kwa tone la gundi. Zilibaki pawabenki za kweli, za kuchaji tu. Bosi alizilamba zote na zote zikafaulu. Ulimi huonja umeme. Habari haina ladha.

Moja tu ndiyo aliyoiacha inyonye. Ndani yake aliongeza chipu ya pili, ya kwake, ya kumpelekea Chiriku nakala. Ilikuwa juu ya kitambaa cheupe, kavu, haijalambwa.

Mlango ukafunguliwa.

Leso alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa suti ya rangi ya majivu. Alishika kitasa kwa leso, akajifuta kwa leso, akavuka mate ya sakafuni kwa hatua ndefu kama anayevuka mtaro. Sindano alimtazama akakaribia kumhurumia. Walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

"Mzigo uko tayari?" Leso aliuliza.

"Tayari, mheshimiwa! Mimi mwenyewe nimezionja zote." Bosi alipekua boksi, akatoa moja na kumnyooshea. Uzi wa mate uling'aa kwenye nembo ya mkutano. "Karibu."

Leso alirudi nyuma. "Umezi... nini?"

"Nimezionja. Hivi." Bosi akamwonyesha, ulimi wote nje.

Uso wa Leso ulibadilika rangi. Macho yake yakazunguka chumbani yakitafuta kitu chochote ambacho mtu angeweza kukigusa bila kwenda kuoga. Yakatua juu ya kitambaa cheupe.

"Ile pale," alisema. "Ile."

"Aa, hiyo bado sijaipima!" Bosi aliruka, akaiwahi, akaishika. Ulimi ulikuwa tayari umeshatoka.

Mate yakiigusa tu, Leso asingeishika kamwe, na kazi yote ingekwenda na maji.

"Bosi, hiyo ulishailamba," alisema taratibu. "Asubuhi. Ukasema ina pilipili."

"Nilisema hivyo?"

"Ukasema hii ni kali kuliko zote. Mimi nikaifuta tu kwa spiriti."

Bosi alikunja uso akitafuta ladha ya asubuhi katika kumbukumbu zake. Sifa zilimshinda. "Kweli," alisema. "Hii ni kali."

Leso aliipokea kwa leso, akaigeuza na kuinusa. Harufu ya spiriti ilimtuliza. Akafungua begi, akatoa kompyuta yake ya ThinkPad na kuiweka juu ya kile kitambaa cheupe.

"Nipe simu ya majaribio."

Bosi alichomoa yake mfukoni. Kioo kilikuwa kimepasuka, na ufa umezibwa kwa jojo iliyotafunwa. Leso hakuinyooshea mkono. Akamgeukia Sindano.

"Na wewe?"

Sindano alimwonyesha simu yake ya vitufe. "Hii haina kitu, mheshimiwa. Ina tochi."

Leso aliitazama jojo. Akaitazama kompyuta yake. Habari zingetoka kwenye simu na kuingia kwenye mashine yake mwenyewe, basi kuna ubaya gani? Akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa simu yake, akaichomeka.

Kwenye kioo cha kompyuta mistari ilianza kumiminika. Leso alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Sikioni, Chiriku alikuwa akipumua kwa nguvu. "Inaingia. Inaingia, dada yangu. Jumbe, namba... Aisee, mtu huyu ana picha za sabuni. Ngoja. Kuna mmoja amemwandika 'Itifaki'. Nasoma: 'Mifuko naipanga mwenyewe chumba cha stoo hotelini. Wa mjumbe mkuu nitampa kwa mkono wangu. Mkishapata jina la huyo mpishi, nataka changu kamili.' Namba yake ni..."

Chiriku akanyamaza. Hakuwahi kunyamaza.

"Sindano," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Namba hii unaijua. Ni ya shemeji yako."

Mume wa mdogo wake. Jumapili iliyopita alikuwa mezani kwa Sindano, akiwapakata watoto, akisifia mapishi na kuomba aongezwe. Sindano akaishika meza.

"Kwa nini hii ina joto?" Leso aliuliza.

Alikuwa ameibana pawabenki kiganjani. Akakunja sura, akaifunga leso yake kwenye vidole, akachukua nyingine kutoka kwenye boksi la Bosi na kuichomeka. Kioo cha kompyuta hakikutikisika. Akalitazama tone la gundi tunduni. Kisha akamtazama fundi.

Mkono wake ukaenda kwapani.

Sindano hakungoja. Chuma cha lehemu kilikuwa mkononi mwake, cha moto. Akakikandamiza juu ya kiganja kilichokuwa kikitoka na Beretta. Nyama ikachemka. Leso akapiga yowe, bastola ikaanguka, Sindano akaipiga teke chini ya printa na kumsukumia kiwiko chini ya kidevu. Leso akaenda chini, mgongo wake ukatua pale pale kwenye mate aliyoyakwepa. Alipotambua amelalia nini, alipiga yowe kubwa kuliko la kuungua.

Bosi alichomoka kuelekea mlangoni. Akateleza kwenye mate yake mwenyewe, akajigonga kwenye fremu, akakaa chini akiwa ameshika pua.

"Chiriku. Njoo uzoe takataka," Sindano alisema.

"Ndiyo tunapanda."

"Na mzigo naupeleka mimi."

*

Stoo ya hoteli ilikuwa nyuma ya jiko, chumba kirefu chenye taa nyeupe. Mifuko ya zawadi ilipangwa sakafuni kama wanafunzi mstarini. Afisa Itifaki aliinamia mifuko akiwa na kitambulisho kifuani na viatu vinavyong'aa.

"Weka pale," alisema bila kugeuka. "Mbona mmechelewa?"

Sindano aliweka boksi.

Shemeji yake akageuka. Alitabasamu kwanza kwa mazoea. Kisha tabasamu likakosa pa kwenda.

"Shemeji? Unafanya nini hapa?"

"Nimekuletea mzigo wako."

Mlangoni walisimama vijana wawili wa idara, mikono ndani ya makoti. Chiriku alikuwa katikati yao. Afisa Itifaki aliwahesabu, akajifuta midomo, akasogea karibu na kushusha sauti kama wanavyofanya wanaume wanaoomba mkopo.

"Sikiliza. Tuongee kifamilia."

"Ongea."

"Sijauza nchi mimi. Mkutano ungefanyika, wangetia saini, kila mtu angerudi kwake. Walitaka jina moja tu. Na la nani? La mpishi, shemeji! Mpishi tu. Wapishi wako tele."

Sindano alimtazama mdomo. Midomo safi, meno meupe, ndevu zilizochongwa vizuri. Ghafla ulimi wa Bosi haukumtia kinyaa tena. Aliwahi kuona panya ndani ya pipa la maji ya kunywa, na hata siku ile hakuchefuka namna hii.

"Ana jina," alisema. "Hutalisikia."

"Na mdogo wako je? Watoto watakula nini? Fikiria..."

"Usiwataje kwa mdomo huo."

Shemeji yake alijaribu kumshika mkono. Sindano akaurudisha nyuma haraka, akaufuta kwenye koti, huku na huku, mpaka ngozi ikauma. Vijana wakamfunga pingu Afisa Itifaki. Simu yake wakaitia ndani ya mfuko wa plastiki wakaufunga.

Nje kwenye ukumbi Chiriku alimfuata Sindano. "Mkuu anakupongeza. Na Mpishi ametuma neno lake la leo: jiko linawaka vizuri. Yuko salama, dada. Hajui hata kilichompitia."

"Asijue," Sindano alisema.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nje, juani, simu yake ilipoita. Ni mdogo wake. Nyuma ya sauti yake vijiko viligongana na watoto walikuwa wakigombania kiti.

"Dada, umemwona shemeji yako? Nampigia hapokei. Alisema leo atakula nyumbani."

"Nimemwona."

"Basi mwambie chakula kinapoa! Watoto wanataka kuanza."

"Waanze."

"Sawa. Yeye nitamwekea."

Sindano alivaa miwani ya jua. Hiace ilimpita polepole, vioo vyeusi, ikaingia barabarani.

"Usimwekee," alisema.

Vijiko vikanyamaza.

"Nakuja mwenyewe, mdogo wangu. Kaa na watoto, nakuja."

Akakata simu, akavuka barabara kwa mwendo wake wa kawaida.