Robota la Kilo Hamsini na Mbili

Majini ya Tanga mengi yana adabu, hutanguliza hodi. Huyu alitanguliza marashi ya waridi, saa nne asubuhi, ndani ya ofisi ya ghala la katani. Sabiha, karani wa ghala, alijinusa mtandio. Si yeye.

Mwaka huo ghala lilikuwa linauzwa na watu wanapunguzwa kama majani ya mkonge. Ilikuwa imeletwa kompyuta ya kuandika kila robota, yaani mzigo wa katani uliofungwa, liingialo: namba, uzito, saa. Sabiha alipewa kuijaribu programu yake kwa kuilisha mistari mibovu: uzito wa herufi, saa ishirini na tisa, robota lisilo namba. Programu iukatae mstari, kisha irudishe nafasi ambayo mstari huo uliichukua kwenye kumbukumbu ya mashine. Isipofaulu Ijumaa, kompyuta inaondoka, na Sabiha naye anarudi nyumbani Nguvumali kukaa bila kazi.

Kukataa ilikataa. Kurudisha, haikurudisha. Kila mstari mbovu nafasi ilipungua na marashi yakazidi. Siku ya tatu kitu kikahema ndani ya mashine, kama mtu mzima aliyepanda ngazi.

"Kaka Laurenti," alimnong'oneza msimamizi, "humu mna mtu anajinyoosha."

"Mna kosa la programu. Na wewe umekonda. Juzi mizani yangu imekupima kilo hamsini na mbili, robota gani jepesi hivyo?"

"Kosa halijitii marashi, kaka."

Laurenti alinusa. Akapiga ishara ya msalaba, akaenda mwenyewe mtaa wa Usagara kumleta mganga, Bi Mwanasiti, huku akimsihi bibi habari isifike parokiani.

Bi Mwanasiti alifukiza udi mchana kweupe. "Jini huulizwa jina mara saba ndipo atoke. Huyu hana masikio. Muandikie."

"Bibi, mashine hii inajua marobota tu."

"Muandikie, mwanangu."

Sabiha akaandika: JINA LAKO NANI. Namba hakuna, uzito hakuna. UMEKATALIWA. Nafasi ikapungua. Akaandika tena, na tena, printa ikikwaruza, pumzi ile ikimpanda sasa nyuma ya shingo yake mwenyewe, na alipofika swali la sita akaelewa, kwa uchovu wa mtu asiyelala siku tatu, kwamba kila swali nalo lilikuwa mstari mbovu, kwamba tangu bibi aketi walikuwa wanamlisha jini tu, akataka kusema basi, lakini ulimi ulikuwa mzito na vidole vilikwisha kuandika la saba.

Marashi yakakatika. Nafasi yote ikarudi kwenye mashine, haikubaki hata chembe.

Laurenti akacheka, mara ya kwanza tangu litoke tangazo la kuuzwa. "Imefaulu. Kazi unayo, dada."

Bi Mwanasiti hakucheka. Alichana karatasi ya printa, akaisogeza mbali na macho yake ya uzee. Mistari sita imekataliwa. Wa saba ulikuwa na kila kinachotakiwa:

ROBOTA: 1. UZITO: KILO 52. SAA: 7:40 MCHANA. LIMEPOKELEWA.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hebu nitajie jina lako."

Sabiha alikuwa anatazama ukuta, akihema kama aliyepanda ngazi. Bibi akamwinamia karibu, akamnusa mtandio.

Waridi.